Goti Langu Lilipigiwa Kura Nikiwa Jikoni

Goti langu lilipigiwa kura.

Mimi mwenye goti nilikuwa jikoni, nachuja chai.

Nilisikia kila kitu, maana ukuta wa jikoni kwetu haufiki juu, na wanangu hawajawahi kujifunza kunong'ona. Mkubwa, kifungua mimba wangu, fundi mwashi, alisema wanaotaka Mama apasuliwe wanyooshe mikono. Nikasikia viti vikilia. Kitindamimba, anayeishi mbali na alikuwa amehudhuria kikao kwa simu iliyoegemezwa kwenye bakuli la sukari, akasema, "Mimi wangu nimeunyoosha, ila hamuuoni."

Kisha wakaulizwa wanaopinga.

Hakuna kiti kilicholia.

Goti likapita bila kupingwa.

Nikaingia na sinia. Wote wakawa wapole ghafla, wanaitazama chai kama ndiyo mara ya kwanza kuiona. Binti yangu wa pili, tunayemwita Mwalimu kwa sababu anafundisha hesabu hata akiwa usingizini, akanisogezea stuli niweke mguu. Hakuna aliyeniambia neno. Na mimi, jamani, sikuuliza. Nilimimina chai, nikagawa, anayependa sukari nyingi nikamwekea nyingi.

Ndivyo tulivyolelewa. Mzee akiugua, watoto wanakaa kikao, uamuzi unakuja umeshafungwa. Kazi yako wewe ni kushukuru.

Aliyesema kwa nguvu kuliko wote pale alikuwa Wifi.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Rika langu, mnene wa heshima, sauti yake ukiisikia ukiwa mtaa wa pili unajua leo kafurahi au kanuna. Wanangu humwita Shangazi na hawathubutu kumkatiza. Alisema nipasuliwe, tena mapema, kwa nini watu wanachelewa. Alisema siku hizi mtu unaingia asubuhi na jioni unalishwa kitandani kama bibi harusi.

Nikasema moyoni, huyu mtu ananipenda kweli.

Ngojeni.

Kwanza niwaeleze goti lilivyofika hapo, maana hiyo ndiyo sehemu ambayo kikao hakikuijua.

Goti langu la kulia lilikuwa linalalamika siku nyingi. Asubuhi linakaza, jioni linawaka. Ya uzee, nikalizoea, kama unavyomzoea jirani mgomvi. Lakini ikafika siku likavimba likawa kama tikiti. Wanangu wakauliza kulikoni. Nikawaambia nimeteleza bafuni.

Uongo mtupu.

Nilianguka kutoka kwenye baiskeli.

Ndiyo, mimi. Mwenye wajukuu wenye ndevu.

Baiskeli yenyewe ni ya marehemu. Nyeusi, nzito, ile ambayo ukiigonga na ukuta unausikitikia ukuta. Ndoa yetu nzima nilikaa nyuma, kwenye keria, pale pa kubebea mizigo. Kliniki nilipelekwa hapo, sokoni hapo, misibani hapo, nimekaa upande, mkono mmoja kiunoni kwake. Mgongo wake niliujua kuliko nilivyoijua barabara. Alipotutoka, baiskeli ikabaki stoo, imefunikwa shuka.

Basi siku moja nikaenda kuipangusa vumbi. Kitambaa kikagusa kengele, ikalia. Krrring.

Nikacheka peke yangu mle stoo.

Halafu wazo likaniingia, likakataa kutoka. Mbona mimi sijawahi kukaa mbele?

Nikamweleza Wifi, nikijua atanicheka. Alinicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akauliza, "Tunaanza lini?"

Tukawa tunaamka mapema, tunamwambia Mkubwa tunakwenda kunyoosha viungo. Tunaikokota baiskeli hadi nyuma ya ghala la mbao lililofungwa, kwenye uwanja wenye vumbi laini la misumeno, kiasi kwamba ukianguka unaangukia godoro. Mimi napanda juu, gauni nimelikunja na kulifunga kwa pini. Wifi anashika keria.

Alikuwa mwalimu wa ajabu. Hakimbii na wewe hata kidogo. Anakusukuma mara moja kama mtu anayesukuma mlango, kisha anakukabidhi kwa Mungu.

Na njiani alikuwa na tabia yake nyingine. Hawezi kusimulia jambo huku anatembea. Tunakwenda kidogo, anasimama, anashika kiuno, ananiambia, "Simama, Wifi. Hii huisikii ukiwa unatembea."

Ndipo anaitoa. Na habari zake zilikuwa tamu, msinidanganye kwamba ninyi hampendi. Mwoka mikate wa pale kona, kumbe ana mke wa pili amemficha ng'ambo ya reli, na watoto wawili wamefanana naye masikio. Fundi cherehani wetu, kumbe nywele zile si zake. Tunasimama mpaka habari iishe, tunakwenda, tunasimama tena.

Mwoka mikate nilimwacha kabisa. Nilikuwa napita pale kona nimegeuza uso, yeye ananisalimu, "Shikamoo Mama," mimi naitikia kwa pua. Nikawa nanunua mikate mbali, migumu kama kandambili.

Siku niliyoweza, nililia. Wifi alisukuma, akaniachia, na baiskeli haikuyumba. Nikakanyaga. Ikaenda. Upepo ukaingia ndani ya kilemba, nikasikia masikio yangu yanapiga mluzi. Nilijihisi msichana, na usichanani kwenyewe sikuwahi kujihisi hivyo.

Nilikosea jambo moja tu. Niligeuka kuangalia kama Wifi ananiona.

Lango la ghala halikuwa na habari na furaha yangu.

Tulipotoka pale nachechemea, Wifi ndiye aliyebuni habari ya bafu. Tukaapishana.

Sasa angalieni uongo unavyozaa. Kesho yake Mkubwa alikuja na nyundo, akavunja sakafu yote ya bafu. Mwanangu anajua kazi yake, na anapenda kwa mikono. Akamwaga sakafu mpya yenye makwaruzo, ukioga unabanduka nyayo. Akafunga vyuma vya kushikia kila upande, hata dirishani, sijui nishike dirisha ili iweje. Akawa anaonyesha wageni. Mtu amekuja kusalimia tu, anapelekwa bafuni.

Nami nasifia. Ningefanyaje?

Ndivyo tulivyofika hospitali, ujumbe mzima.

Chumba kilikuwa kidogo. Kitanda chenye karatasi inayolia ukikaa, meza yenye goti la plastiki linalokunjika, dirisha moja linalotazama nguo za wagonjwa zilizoanikwa. Mkubwa akasimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Mwalimu akashika simu juu ili Kitindamimba aone. Wifi akachukua kiti pekee kabla mimi sijakiona.

Daktari wa mifupa alikuwa mwembamba, mikono ya shati ameikunja, amekaa kwenye kigoda cha magurudumu. Nilitegemea mtu wa kufoka. Huyu alisikiliza. Mkubwa akaeleza kwamba Mama hafiki bafuni bila kushikwa. Mwalimu akaeleza maumivu yangu kwa asilimia. Simu nayo ikasema familia imekwisha kukubaliana. Wifi akaongeza kwamba kama ni kesho, iwe kesho.

Daktari akawaacha wakaisha. Kisha akauliza kwa upole, "Nimewasikia. Goti ni la nani?"

Wanangu wakageuka kunitazama kama ndiyo kwanza naingia.

"Langu," nikasema, sauti kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Unataka tulifanye nini?"

Jamani. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimefika umri huu, na mwili huu hakuna aliyewahi kuniulizia hivyo. Nikajibu nilivyofundishwa. "Vyovyote utakavyoona, Daktari. Wewe ndiye unayejua."

"Mimi nayajua magoti, Mama. Maisha yako siyajui. Tukiamua na kimoja tu kati ya hivyo viwili, tutakosea."

Akawaomba wangoje nje kidogo. Nikaomba Wifi abaki, nisije nikazimia peke yangu.

Akalibonyeza goti, akalikunja, akalisikiliza likilia kama mlango wa zamani. Halafu akashuka kwenye shavu la mguu, akatulia. Pale palikuwa na vidonda vidogo vimekauka, vimejipanga kwa mviringo kama alama za meno, na weusi wa grisi ambao nilikuwa nimesugua kwa jiwe ukakataa kutoka.

Daktari akainuka, akafunga mlango vizuri, akarudi akakaa.

"Mama," akasema, "bafu lenu lina cheni?"

Wifi akakohoa.

Nikaanza kucheka. Kwanza ilikuwa woga. Kisha nikashindwa kujizuia, machozi yananitoka, karatasi ya kitanda inachanika chini yangu. Wifi akadaka, akacheka mpaka kiti kikasogea. Daktari alijitahidi kukaa kidaktari, akashindwa naye. Muuguzi akafungua mlango kuona nani anaumwa.

Basi nikamwaga yote. Ghala, keria, lango.

Daktari alifuta macho akaniambia nimemwokoa na kosa. Kwa habari ya bafuni angedhani mguu umeanza kunitupa wenyewe, na kwa familia ilivyosema siwezi hata kutembea, angekuwa anamshauri mtu mwingine kabisa. Sehemu ya uvimbe ilikuwa ya kuanguka, ungepungua. Ila hakunificha. Kwenye picha ya eksirei, lile gegedu, ule mto laini ulio katikati ya mifupa, umelika kweli. Goti la bandia linafaa. Lakini picha haisikii maumivu, akasema, na kuna watu wana picha mbaya kuliko yangu wanapanda ngazi.

"Hili goti halikuui," akasema. "Kwa hiyo hakuna anayetukimbiza."

Akachukua vile vijiti vya kubonyezea ulimi, akapanga kumi juu ya kitanda, kando ya mguu wangu. Akasema hawa ni watu kumi waliowekewa goti la bandia. Wanane hivi wanafurahi. Akavisogeza viwili pembeni. Hawa wawili wanasema bado panauma, au sivyo walivyotegemea. Akaniambia kuna wachache wanaopata wadudu kwenye kidonda au damu kuganda mguuni. Kupiga magoti sakafuni baadaye ni shida. Mazoezi yake ni ya miezi, na yanauma, na hakuna wa kukufanyia.

Kisha akaniambia na njia nyingine. Mazoezi ya kutia nguvu misuli ya paja. Dawa siku ikizidi. Kungoja. Kungoja nako ni uamuzi, si uvivu, na mlango wa upasuaji haufungwi.

Nilivitazama vile vijiti viwili vilivyotengwa. Nikavionea huruma.

Wifi ndiye aliyeuliza maswali. Na maswali yake, mashallah. Sindano ya usingizi inaingizwa wapi. Mtu anasikia msumeno au hasikii. Akiamka anaona nini cha kwanza. Mtu mnene akilala pale kitanda kinamhimili. Mwenye presha je. Daktari alijibu moja moja, nami nikashika mkono wa Wifi, nimeguswa. Nikasema, angekuwa dada wa kuzaliwa asingenijali hivi.

Mtu mnene. Mimi mwembamba kama ufito, na sikushtuka.

Mwisho Daktari akanipa kazi ya nyumbani. Nilifurahi, maana tangu nimalize shule ya msingi hakuna aliyenipa. Akasema nenda, ukaliangalie hilo goti linakunyima nini hasa unachokipenda. Si wanachopenda wanao. Ukirudi, uniambie.

Nyumbani nikaifanya kazi yangu kwa moyo. Kupika, goti halininyimi. Kuoga, halininyimi, ingawa sakafu inanimenya. Kupiga magoti bustanini kung'oa majani, linauma lakini nakwenda, na ni kitu nakipenda sana, mikono ikiwa kwenye udongo. Baiskeli? Nikagundua jambo. Nikiwa juu ya baiskeli goti haliumi. Linauma nikiteremka.

Nikawa nalo jibu. Kilichobaki ni mdomo wa kulisema.

Na hapo ndipo mambo yalipoiva. Mkubwa akaja na wazo la kusafisha stoo. Mama akitoka hospitali alale huko, pana hewa, pako karibu na bafu. Bafu tena. Vitu vya zamani vitoke. Nikamwuliza, na baiskeli ya baba yenu? Akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, amekwisha kumwahidi kibarua wake mmoja anayetembea mbali kwenda kazini, atakuja kuichukua mwisho wa wiki. "Wewe itakusaidia nini, Mama?"

Nilikwenda stoo nikashika usukani. Nikasema, ukinyamaza leo, bibi, umepasuliwa na umeibiwa, yote kwa hiari yako.

Nikaitisha kikao.

Hawakuelewa. Kikao huitishwa na Mkubwa. Walikuja wakadhani nimezidiwa, Mwalimu amebeba kipimajoto, simu imeegemezwa kwenye sukari. Wakakaa wakingoja chai.

Chai sikupika. Nilikaa kiti cha mbele, mguu juu ya stuli.

Nikawaambia kwamba nimesikia goti langu lilivyopita bila kupingwa, na nimeshukuru kwa upendo. Nikawaeleza vijiti kumi vya Daktari, kwa vijiti vya kiberiti, nikavitenga viwili kama alivyovitenga. Mwalimu akasema ni asilimia themanini. Nikamwambia ndiyo, lakini mimi sitakuwa asilimia themanini, nitakuwa kijiti kimoja, na sijui kipi.

Nikavirudisha vijiti ndani ya kiberiti. "Tena, sikuteleza bafuni. Nilianguka na baiskeli ya baba yenu. Najifunza kuiendesha. Nimekwisha weza."



Mwalimu aliweka kipimajoto mezani. Simu ikauliza kama mtandao umekatika. Wifi alikuwa anachunguza dari.

Nilimtazama Mkubwa. Uso wake ulikuwa unapita mahali pengi. Nikajua anakuja kufoka.

"Bafu langu," akasema polepole.

"Bafu ni zuri, mwanangu."

"Nimefunga vyuma mpaka dirishani."

"Nilishangaa na mimi."

Mwalimu ndiye aliyeanza kupasuka. Alicheka kimyakimya, mabega yanaruka, kisha simu ikacheka, kisha wote. Mkubwa aliweka uso mikononi, nikadhani analia, kumbe naye. Alipotulia akaniuliza kweli nimeweza, au nasema tu. Nikamwambia tutoke nje.

Goti lilikuwa limepungua uvimbe. Nilipanda, nikazunguka uani mara moja, taratibu, wao wamejipanga ukutani wameshika vifua. Nikapiga kengele. Mkubwa alitazama ile baiskeli muda mrefu. Akampigia kibarua wake simu akamwambia samahani, ina mwenyewe.

Nikawaambia uamuzi wangu. Sipasuliwi sasa. Nitafanya mazoezi ya paja, nitaona. Goti likianza kuninyima udongo na baiskeli, mimi mwenyewe nitarudi kwa Daktari kwa miguu yangu. Mwalimu akataka tupige kura. Nikamtazama. Akaacha.

Kila mtu alifurahi, isipokuwa Wifi.

Wifi alinuna. Hakuaga. Nikadhani ni kwa sababu nimefichua baiskeli bila kumwambia. Hata siku ya kurudi kwa Daktari alinisindikiza amevimba mashavu. Ukumbi wa hospitali ni mrefu, na hata katika kununa kwake alikuwa anasimama. "Simama, Wifi," kisha anatafuta cha kusimulia, anakosa, ananuna tena.

Sikujua kwamba Daktari alikuwa mlangoni kwake, anatutazama tunavyokuja.

Nikamweleza kazi yangu ya nyumbani na jibu langu. Akasema ni jibu zuri, kwa sababu limetoka kwangu na nimejua ninachokikataa. Akanionyesha mazoezi. Akasema na kiti cha baiskeli kiinuliwe, kiko chini mno, kinalibana goti.

Wifi akalipuka.

"Sasa mimi nitajuaje?"

Tukageuka wote.

"Nitajuaje kama watu wanarudi?" akasema. "Si nilitaka wewe uonje kwanza!"

Daktari akavuta kigoda chake, akasogea, safari hii kwake, akauliza polepole, "Mama, yale maswali ya siku ile yalikuwa ya goti la nani?"

Wifi akavuta gauni.

Jamani. Magoti ya Wifi. Nimemjua miaka yote hiyo, sijawahi kuyaona. La kushoto lilikuwa limepinda kwenda nje kama mpini wa kikombe.

Hakimbii na baiskeli. Anachukua kiti kabla ya mgonjwa. Mtu mnene. Mwenye presha. Vyote vilinijia kwa mpigo mmoja, nikataka kumpiga na nikataka kumkumbatia. Mtu huyu alinipigia kura ya kisu ili anichungulie mimi nikitoka!

"Na zile habari za kusimama?" nikamwuliza.

Akaangalia nguo zilizoanikwa dirishani.

"Goti likikaza lazima nisimame," akasema. "Na mtu husimami bure, watu watajua. Mwanzoni habari zilikuwa za kweli, Wifi. Baadaye zikaniishia. Nyingi nimetunga."

"Mwoka mikate?"

"Ana mke mmoja. Namwonea huruma hata yule mmoja, jinsi mumewe anavyokoroma."

"Unajuaje kama anakoroma?"

"Hilo nalo nimetunga."

Daktari aliinama akajifanya anatafuta kalamu.

Nilicheka mpaka nikaomba maji. Lakini nilipomtazama Wifi tena nikaona hacheki nami. Sauti ile ya mtaa wa pili ilikuwa imeisha. Wifi wangu alikuwa anaogopa, na alikuwa anaogopa peke yake, huku akinisukuma mimi kwenye baiskeli kila asubuhi kwa mguu ule.

Ulimi ulinijia kumwambia, pasuliwa, tena mapema. Nikaubana kwa meno. Nikakumbuka viti vikilia sebuleni.

Nikamwuliza nilivyoulizwa mimi. "Wifi, wewe goti linakunyima nini?"

Akashusha gauni lake likafunika magoti.

"Nataka kutembea na wewe mpaka mwisho wa barabara," akasema, "nisitunge kitu."

Daktari alitoa vijiti vyake. Wifi alivitazama vile viwili vya pembeni akauliza wale waliumia wapi, kwa nini, walikuwa na presha. Alipewa majibu, akapewa kazi ya nyumbani, akaenda, akarudi, akauliza tena. Hatukumpigia kura. Mkubwa alipojaribu kuitisha kikao nilimwambia akajenge bafu.

Siku aliyoamua, aliamua mwenyewe, akiwa anamenya viazi. Alisema tu, "Mimi napasuliwa," akaendelea kumenya.

Kwa hiyo goti lililopasuliwa katika familia yetu ni lile ambalo hakuna aliyelinyooshea mkono.

Sitawadanganya kwamba lilikuwa jepesi. Mazoezi yalimtoa machozi na matusi, wauguzi wakajifunza maneno mapya. Alikaa kwangu, na lile bafu, nisamehewe, lilimfaa kila chuma, hata cha dirishani. Mkubwa sasa anaonyesha wageni kwa haki. Nami kila asubuhi nilikuwa nafanya mazoezi yangu ya paja kando ya kitanda chake, tunahesabu pamoja, tunatukanana pamoja.

Mwoka mikate nilimwendea. Nilimsalimu kwa mdomo mzima, nikanunua mikate kuliko tunavyoweza kula. Aliniuliza alikuwa amenikosea nini siku zote zile. Nikamwambia hakuna, baba, ilikuwa ni goti la mtu.

Hakuelewa. Akaniongezea andazi.

Ninachotaka kuwaachia ni hiki. Siku ukikaa mbele ya daktari, mwambie ukweli wako, hata kama una cheni na grisi, maana hawezi kuchagua na mtu asiyemjua. Na mzee wako akiumwa, kabla hujanyoosha mkono, mfuate jikoni umwulize. Halafu nyamaza, usikie. Huenda anachuja chai tu akingoja mtu amwulize.

Leo asubuhi tumekwenda mpaka mwisho wa barabara, mimi na Wifi, tunaikokota baiskeli. Goti lake jipya linakwenda kama saa, mdomo nao haupumziki, habari moja inaingia nyingine, hasimami popote. Nilimwacha atangulie kidogo, pumzi zimenikatika, goti langu la zamani linanong'ona.

"Simama, Wifi," nikamwambia. "Nina habari ya mwoka mikate."

Akageuka, akashika kiuno, akanitazama kuanzia kichwani mpaka gotini.

"Ya kweli," akauliza, "au ya kupumzikia?"